Kumlikiza Mjomba

Siku ya kumi na tisa daktari alituita kwenye korido na kutuambia kwamba wiki ile wangeanza kumtoa mjomba kwenye mashine. Mama alikaa chini, sakafuni. Mke wa mjomba akapiga ukunga, ule wa msibani, mpaka watu wa wodi ya jirani wakachungulia. Daktari akabaki ameduwaa, faili mkononi. Alikuwa amekuja kutupa habari njema.

Kwa Kiswahili chetu cha hospitalini, mtu akitolewa mashine amekwisha. Ndivyo tunavyoambiana kwenye simu: "Wamemtoa mashine," na anayesikia huuliza mazishi ni lini. Sisi hatukuwa na namna nyingine ya kuisikia sentensi ile. Daktari alieleza kwamba mashine ingeondolewa kidogo kidogo ili mgonjwa aanze kupumua mwenyewe. Baba alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema familia itakaa ijadili. Tulipobaki wenyewe, wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye ninayesoma shahada ya umahiri, na kwao msomi ni msomi, hata kama anachosoma ni historia. Nikasema tusubiri.

Daktari hakutaka kuanza huku nusu ya familia ikiamini kwamba anaua. Tulisubiri siku tatu. Nimezirudia siku hizo mara nyingi, nikisoma nilichopaswa kukijua kabla sijafungua mdomo.

*

Mjomba ni mzamiaji wa Jibondo, kisiwa kidogo cha mawe katika wilaya ya Mafia, kusini mwa Ghuba ya Chole. Jibondo haikuwa na maji baridi ya kutegemea. Kwa miaka mingi watu wake wamekinga mvua na kuvusha madumu kwa boti. Wanachokijua ni bahari. Mjomba amezamia pweza na kambakochi tangu akiwa kijana, bila mtungi, kwa miwani, chuma na kifua chake.

Katikati ya mwaka 2022, msimu wa kusi, nilikuwa kisiwani nikikusanya masimulizi ya wazamiaji kwa ajili ya tasnifu yangu, na yeye ndiye aliyekuwa msimuliaji wangu mkubwa. Jioni moja nilimuuliza anajuaje kwamba muda wa kupanda juu umefika. Akanijibu, "Mjomba, hewa uliyoikosa haikusumbui. Inayokusumbua ni ile uliyoifungia ndani." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, wote wawili "mjomba". Niliandika maneno yake kwenye daftari kama msemo mzuri tu. Sikujua kwamba ni fiziolojia.

Siku chache baadaye alianza kulalamika ganzi ya miguu. Alfajiri ya pili hakuweza kuinuka kwenda msikitini. Siku ya tatu mikono ilikuwa mizito na sauti imekuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea akiwa amebeba gunia. Tulimvusha hadi kisiwa kikubwa, na madaktari wa Kilindoni hawakupoteza muda: alitakiwa afike Dar es Salaam kabla ugonjwa haujafika kifuani. Ulikuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, uliopewa jina kutokana na madaktari wa jeshi la Ufaransa walioueleza mwaka 1916. Kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia neva. Kupooza huanzia miguuni na kupanda, na kati ya wagonjwa wanne mmoja hivi hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Wengi wao neva hujitengeneza tena, ila kwa wiki na miezi.

Kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, upande wa bara, ni safari ya saa kadhaa, na kusi ilikuwa imechafua maji. Tulikuwa na mtungi wa oksijeni, nesi mmoja, na ule mfuko wa mpira wenye barakoa ambao wauguzi wanauita Ambu. Tulipoukaribia mdomo wa mto, pumzi za mjomba zilikuwa fupi na za haraka. Nesi alipiga magoti, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa, akaanza kubana mfuko. Nilimuuliza anahesabu vipi. Akasema, "Sihesabu. Nasikiliza kwa mkono. Akivuta, nabana naye. Asipovuta, namvutia." Alifanya hivyo hadi gatini, na ndani ya gari akaendelea.

*

Ule mfuko una historia, na historia hiyo ndiyo niliyokuwa naisoma kwenye simu korido ile wakati tukisubiri.

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmaki, ulivamiwa na polio kwa ukali usiowahi kuonekana huko. Wagonjwa walipelekwa hospitali ya Blegdam. Siku za kilele waliingia hadi 50 kwa siku, na kila siku kadhaa kati yao walikuwa wamepooza misuli ya kupumua na kumeza. Mashine zilizokuwepo za kuwapumulisha zilikuwa chache mno: pipa moja la chuma, la aina iliyobuniwa Boston mwaka 1928, ambamo mgonjwa hulazwa mwili mzima kichwa kikiwa nje, na vifaa sita vya kufunika kifua tu. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa humo, 27 walikufa.

Mkuu wa hospitali, Profesa Lassen, alikubali kumwita daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Wakati huo daktari wa usingizi alikuwa mtu wa chumba cha upasuaji. Wodini hakuwa na kazi. Ibsen alitazama vipimo vya damu vya waliokufa. Wenzake waliona kiwango kikubwa cha bikaboneti na kudhani ni ugonjwa mwingine usioeleweka. Yeye akasema hapana, hii ni hewa chafu iliyofungiwa ndani. Wagonjwa walipewa oksijeni, ngozi zao zikabaki na rangi nzuri, huku kabonidayoksaidi ikijaa mwilini kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kuitoa. Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya mjomba. Mzamiaji wa Jibondo na daktari wa Copenhagen walikuwa wakisema jambo moja: kinachomkaba mtu kwanza ni alichoshindwa kukitoa.

Tarehe 27 Agosti 1952 Ibsen alipewa mgonjwa wa kumthibitishia hoja yake, binti wa miaka 12 aitwaye Vivi Ebert, aliyekuwa anakata roho. Walimtoboa tundu shingoni na kumwekea mrija. Mwanzoni hewa haikuingia. Mtoto alikuwa anapambana na mapafu yamekaza. Ibsen akampa dawa ya usingizi, mapambano yakaisha, na mkono wake ukiubana mfuko ukaanza kufanya kazi ya kifua cha mtoto. Damu ikasafika. Vivi akaishi.

Sasa likaja swali la kawaida kabisa: nani atabana? Mashine hazikuwepo, wagonjwa walikuwa wengi, na kila mmoja alihitaji mkono usiku na mchana kwa wiki nyingi. Hospitali ikawaita wanafunzi wa udaktari na wa meno. Walifika wapatao 1,500 kwa zamu. Kuna siku wagonjwa 70 walikuwa wakipumulishwa kwa mikono kwa wakati mmoja. Walikuwa vijana wa rika langu, wameketi kando ya vitanda na mfuko mkononi, wakiwasomea watoto hadithi, wakijifunza kuelewa kope na midomo isiyo na sauti. Vifo miongoni mwa wale waliopooza pumzi vilishuka kutoka karibu 9 katika kila 10 hadi takriban 4.

Wengi huimalizia hadithi hii hapo, kwa sababu hapo ndipo chumba cha wagonjwa mahututi kilipozaliwa. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha cha kwake katika hospitali nyingine ya mji huohuo. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi la korido nilitaka kujua sehemu inayorukwa. Wale watoto waliachaje mfuko?

Waliacha kupitia mkono uleule. Mtu anayekaa saa sita akibana mfuko anaujua mwili ulio mbele yake. Siku msuli unapoanza kurudi, mfuko hutikisika kidogo kabla hajabana. Mgonjwa anavuta. Mwanafunzi anamfuata, anapunguza, anamwachia pumzi moja, kisha mbili, anamrudishia anapochoka. Si wote waliofika mwisho. Vivi mwenyewe alibaki amepooza na kutegemea mashine mpaka alipofariki mwaka 1971. Lakini waliofika, walifika kwa sababu kulikuwa na mtu kando yao wa kuhisi kwamba wanavuta.

Mfuko wa Ambu, unaojijaza wenyewe hata pasipo mtungi, ulitengenezwa Denmaki hiyohiyo na kuingia sokoni mwaka 1956, mikono ile ikiwa bado inakumbukwa. Ndio uliovuka nasi kwenda Nyamisati.

*

Baada ya Copenhagen, Ulaya ikatengeneza mashine. Ilikuwa sawa kufanya hivyo. Huwezi kuita wanafunzi 1,500 kila mwaka. Mashine haichoki wala haisinzii. Ila mashine za mwanzo zilikuwa zinasukuma tu. Hazikuuliza kama mgonjwa amevuta. Ndipo likazaliwa kundi jipya la wagonjwa, ambao mwaka 1985 madaktari wawili wa Marekani walipendekeza waitwe mahututi wa muda mrefu: watu waliovuka hatari ya kwanza, hawakufa, lakini hawawezi kuiacha mashine. Siku hizi wataalamu huweka mpaka kwenye siku 21. Mjomba alikuwa na siku 19 daktari alipotuita.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba dawa ya hali hiyo ni kupunguza nguvu ya mashine polepole, kipimo kwa kipimo, kila mgonjwa kwa ngazi zake. Mwaka 1995 madaktari wa Hispania walichapisha jaribio lililoiangusha imani hiyo. Kabla hata ya kulinganisha njia, waliwapa wagonjwa 546 nafasi moja ya kupumua wenyewe wakiwa wanaangaliwa. Waliofaulu palepale na kutolewa mrija walikuwa 416. Robo tatu ya watu walidhaniwa bado wana safari ndefu, kumbe walichokosa ni mtu wa kuwajaribu. Kwa waliobaki, kuwaacha wapumue wenyewe mara moja kwa siku na kisha kuwapumzisha kuliwatoa mapema kuliko kuipunguza mashine kidogo kidogo.

Hao walikuwa na siku chache tu kwenye mashine. Kwa wale wa wiki nyingi, jaribio kubwa lilifanyika karibu na Chicago kwa miaka kumi na kuchapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 500 walioletwa pale kwa sababu hospitali nyingine zimeshindwa kuwaachisha mashine, kwanza waliachwa wapumue kupitia tundu la shingoni. Karibu theluthi moja waliweza, bila zaidi. Waliobaki wakagawanywa makundi mawili, na wale waliokuwa wakiachwa huru kabisa kwa vipindi vya mchana walimaliza safari kwa wastani wa siku 15, dhidi ya siku 19 za wale walioachiwa mashine iwapunguzie.

Na kuna utafiti ambao natamani nisingeusoma. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walichunguza diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, za watu 14 waliokuwa wamekufa ubongo na kupumulishwa kwa mashine kati ya saa 18 na 69 tu kabla ya kutoa viungo vyao. Nyuzi za msuli zilikuwa zimesinyaa kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu ambao mashine iliwapumulisha saa mbili au tatu za upasuaji. Msuli wa pumzi haukuumbwa upumzike. Ukifanyiwa kazi yake yote, unajila.

Saa 69 ni pungufu ya siku tatu. Siku tatu ndizo nilizoomba.

*

Aliyetufungua alikuwa bibi, mama yake mjomba, na alitufungua kwa simu kutoka Jibondo. Mama alimpigia kumweleza kwamba madaktari wanataka kumwachisha mwanawe mashine na sisi tumekataa. Simu ilikuwa kwenye spika. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wanamtoa siku moja, au wanamtoa na kumrudishia?"

Nikamjibu mimi: mchana watamwachia kidogo, akichoka watamrudishia, usiku atalala nayo.

"Sasa mnalia nini? Si wanamlikiza!"

Ni neno ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui tena. Siku hizi tunasema kumwachisha mtoto ziwa. Bibi akaendelea, kwa sauti ya mtu anayefundisha wajinga. Mtoto humlikizi usiku. Unaanza mchana, unampa uji, unamwacha acheze. Usiku akilia unamrudishia. Kesho unaongeza. Akipata homa unasimama, akipona unaanza tena. Wapo wanaopaka shubiri ili mtoto akimbie mwenyewe, yeye hakuipenda njia hiyo. "Na humwachi peke yake. Ukimlikiza kisha ukaondoka, atadhani umemtupa. Huyo alinisumbua kuliko wenzake wote. Mwambieni mama yake amesema ni wakati."

Jioni ile nilitafuta na kukuta kwamba bibi hakuwa amebuni mfano. Kiingereza cha madaktari kinatumia neno la mama anayemwachisha mtoto ziwa, na Kifaransa vilevile. Madaktari wetu wanasomeshwa kwa Kiingereza, na wanapofika kwetu kwenye korido wanalitafsiri kwa haraka kuwa "kumtoa mashine". Neno lililobeba uji, usiku na kurudishiwa linafika likiwa limebeba jeneza. Simlaumu daktari yule. Neno lilikuwepo, na mimi mjukuu wa aliyelijua nililikuta kwa kuchelewa.

Asubuhi baba alimwendea daktari, akamwambia, "Daktari, mlikizeni." Daktari akacheka, kisha akaliandika pembeni ya faili.

*

Siku ya kwanza aliweza dakika kumi na mbili. Walimtoa kwenye mashine, wakamwachia oksijeni kwenye tundu la shingoni, na nesi akakaa kwenye kiti karibu na kichwa chake. Nilitazama kupitia kioo. Mabega yalipanda, mbawa za pua zikatanuka, jasho likamtoka. Nesi alimshika mkono wa kushoto muda wote, macho yake kifuani pake na si kwenye namba za skrini. Dakika ya kumi na mbili akasema basi, akamrudishia.

Siku ya pili ilikuwa nusu saa. Siku ya tano akapata homa ya kifua, wakasimama siku nne, na tukadhani yote yamepotea. Wakaanza tena. Kila siku ya mashine ilikuwa na bei yake. Mashua aliyoiunda kwa mikono yake ilikuwa imeshauzwa, na hakuna aliyemwambia. Akafika saa mbili, saa nne, mchana kutwa. Usiku alirudishiwa. Usiku wa kwanza bila mashine hakulala, na nesi wa zamu hakulala pia, alikuja kila baada ya muda mfupi kumshika bega tu, ajue kuna mtu.

Tangu alipotobolewa shingo mjomba hakuwa na sauti. Kila nilipoingia nilimwamkia "shikamoo, mjomba", naye akaitikia kwa kufumba macho mara moja. Wiki moja baada ya ule usiku walimbadilishia mrija na kumwekea kifuniko kinachoruhusu hewa ipite kooni. Mimi sikuwa na habari. Niliingia, nikamwamkia kama kawaida, nikageuka kuweka chupa ya maji.

"Marahaba," akasema mtu nyuma yangu.

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyepanda kutoka kina kirefu. Nesi aliyekuwa anabadilisha shuka alicheka mpaka akafuta machozi.

*

Mwezi Aprili 2020, korona ilipoanza, Shirika la Afya Duniani lilihesabu mashine za kupumulia katika hospitali za umma za nchi 41 za Afrika na kupata chini ya 2,000. Nakumbuka namba hiyo ilivyosambaa na ilivyotutisha, na ilistahili kututisha. Dunia nzima ikaanza kuhesabu mashine na kuziagiza. Mwaka uliofuata sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania ilipata kwa ajili ya UVIKO-19 ilipangiwa vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Hayo ni mema, na mtu wa kisiwani hawezi kuyabeza.

Lakini hesabu ile haikuwa na safu ya kiti kilicho kando ya kitanda. Mashine moja inayomtaka mtu wa kuiangalia usiku na mchana inahitaji wauguzi kadhaa waliofunzwa, na kumwachisha mgonjwa kunawahitaji zaidi kuliko kumweka. Kumweka ni kazi ya dakika chache. Kumrudishia pumzi yake kulimchukua mjomba siku thelathini na moja, na kila siku kati ya hizo ilitegemea kama yupo nesi mwenye nafasi ya kukaa. Siku ambazo zamu ilikuwa na wauguzi wachache, mjomba hakujaribiwa. Alikaa kwenye mashine akisubiri, bila kosa la mtu yeyote pale.

Mjomba amerudi Jibondo. Miguu haijawa ya zamani na kidonda cha shingoni kimeacha kovu linalovutwa kila anapomeza. Hazamii. Maji yakitoka hushuka na kina mama kuchokoa pweza kwenye miamba, anatembea polepole na fimbo, na vijana wanamtania naye anawatania. Nilimuuliza mara moja, kwa daftari, alikuwa anasikia nini zile dakika kumi na mbili. Akafikiri.

"Nilikuwa nataka kupanda juu," akasema, "na kulikuwa na mtu amenishika mkono."

Sikumwambia kuhusu siku tatu. Nilimwambia hapo, ufukweni, daftari likiwa limefungwa. Aliendelea kuchokoa mwamba kwa muda. Kisha akaniambia nilipe nauli ya yule nesi wa Kilindoni aje kula pweza, akaenda zake mbele kwenye maji ya magotini.